Kidari cha moshi cha mtu asiyenusa

Jumatatu, saa kumi alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika, mawe meusi ya uani bado yanang'aa kwa maji, na mimi nimekaa kwenye ngazi ya nyuma na daftari magotini. Nitayanakili haya kwenye blogu umeme ukirudi. Moyo wangu ni mwepesi, na sijauzoea wepesi huo bado.

Nina jambo ambalo kwa zaidi ya miaka miwili sikumwambia mtu yeyote: sisikii harufu. Sio kwamba nasikia kidogo. Sisikii kabisa. Kahawa, sabuni, choo, udi wa Ijumaa, mvua ikianguka kwenye vumbi, kwangu vyote ni hewa tupu.

Ilianza na homa iliyonilaza wiki tatu nilipokuwa na miaka kumi na minne. Homa ikaenda. Nguvu zikarudi, nywele zilizokatika zikaota tena, hata sauti ikarudi. Pua haikurudi. Nilijiambia itakuja polepole, kama umeme wa mtaa wetu wa Mapendo, ambao ukikatika husemi umekufa, unasema umechelewa.

Nimekuwa nikisema umechelewa kwa muda mrefu sana.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya siku saba. Nilipokuwa mgonjwa, Mama aliweka nadhiri kwamba nikipona atafunga siku saba za shukrani. Nikapona, naye akafunga, katika wiki ya jua kali, huku akiuza vitenge sokoni kutwa nzima bila tone la maji. Kila mtu aliyekuja kusalimia aliambiwa, "Mutoto wangu amepona muzima kabisa." Muzima kabisa. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikinywa chai isiyo na harufu. Ningesema nini? Kwamba amefunga saba kwa ajili ya mtoto aliyepona sita na nusu?

Basi nikajifunza kudanganya, na nilijifunza vizuri. Darasani msichana akinyoosha mkono na kuuliza kama manukato yake ni mazuri, nasema ni mazuri. (Siku moja nilimsifu mmoja ambaye hakuwa amepaka chochote. Alinitazama kwa muda mrefu.) Nyumbani ni vigumu zaidi, kwa sababu kila asubuhi Mama ananipa chupa ya maziwa yanayotoka Masisi na kusema, "Nusa, yameharibika?" Mimi ndiye mnusaji wa nyumba. Nilikuwa na pua kali nilipokuwa mdogo, na kazi hiyo haikuniacha. Kwa hiyo naweka chupa puani, nafumba macho kama mtu anayesikiliza, kisha nasema nakwenda kuyachemsha. Jikoni nachemsha kijiko kimoja kwanza. Yakikatika, narudi na kutangaza kwamba yana harufu mbaya.

Na maharagwe. Nimeunguza maharagwe mara tatu, nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye sufuria. Kila mara nilikuwa na kitabu mkononi, na kila mara Mama alisema, "Hivi vitabu vitachoma hii nyumba siku moja." Mara ya tatu alivifungia kabatini wiki nzima. Nilikubali adhabu. Heri kuitwa mvivu anayesoma sana kuliko kusema ukweli.

Sasa nieleze habari za nyama.

Koko, mama yake Papa, anaishi nasi. Ni mtu wa Maniema. Alikuja Goma akiwa bibi arusi, lakini ulimi wake haukuhama. Kila baada ya miezi michache mdogo wake wa Kindu, tunayemwita Muzee Shabani, alikuwa anamtumia nyama ya moshi kwa ndege, imefungwa kwenye majani na gazeti. Tangu uwanja wa ndege ufungwe, hakuna kifurushi kinachofika. Na tangu Ramadhani iishe, Koko hali. Anakunywa chai, anamega mkate nusu, anasema ameshiba. Vitenge vyake anavifunga mara mbili kiunoni sasa. Mama amejaribu samaki, kuku, pondu ya majani ya muhogo, uji wa karanga. Koko anasifu kila kitu na kukiacha kwenye sahani.

Idi ya kuchinja ilikuwa juzi, Jumamosi. Familia saba za mtaa zilichangia ng'ombe mmoja, kama kawaida, na wakati wa kugawa hakuna aliyetaka kidari. Ni nyama ngumu, ina tabaka la mafuta nene kama kamusi, na kuilainisha kunamaliza gunia la makala, yaani makaa. Koko, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake kimya, akasema, "Kule kwetu hiyo ndiyo ya kuweka juu ya moshi." Kisha alimeza mate. Niliona koo lake.

Mama naye aliona. Akauliza kwa sauti nani anaweza kukausha nyama kwa moshi. Papa ni dereva wa lori na Idi hii ilimkuta njiani. Na mimi, ambaye darasani sinyooshi mkono hata nikijua jibu, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi nimesoma namna inavyofanywa."

Ni kweli nilikuwa nimesoma. Nimesoma kurasa nyingi za watu wa mbali wanaokausha kidari kizima kwa saa kumi na mbili, na picha zao nimeziangalia kama watu wengine wanavyoangalia nguo za harusi: ganda jeusi, chini yake mstari mwekundu, kisha nyama inayong'aa. Nadhani nilizipenda picha hizo kwa sababu zilikuwa chakula ninachoweza kukipata chote. Mbele ya picha, mimi na wewe tuko sawa. Wewe pia huisikii harufu.

Jumapili asubuhi Mama alikwenda Keshero kuwapa watu mkono wa Idi. Tulibaki mimi, Koko, na mdogo wangu Salumu mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye ananiita Professeur na hasemi kwa heshima.

Usiku nilikuwa nimepaka kidari chumvi, pilipili na vitunguu saumu. Nilichukua nusu pipa tunalochomea mahindi, nikalisimamisha karibu na ukuta, nikaweka makala upande mmoja na wavu wa chuma juu. Kilichokosekana kilikuwa kuni. Makala peke yake haitoi moshi. Nikakumbuka mbao nyuma ya choo.

Jirani alipobomoa nyumba yake ya mbao ili aijenge upya, alituachia vipande. Vilikuwa vikavu, vyeusi, vyepesi kupasua. Nilidhani weusi ule ni wa mvua na miaka. Hapa Goma kila kitu ni cheusi: mawe, vumbi, kuta, soli za viatu. Nani anaulizia weusi wa ubao? Nikapasua vipande sita, nikaviweka juu ya makala, moshi ukapanda kwa wingi, mweupe wenye umanjano. Nikafurahi. Nikapiga picha ya kwanza. Kisha nikalaza kidari juu ya wavu, mafuta juu, kama nilivyosoma.

Salumu akaingia langoni na kidumu cha maji kichwani. Akasimama. Akakunja uso.

"Professeur! Leo tunakula mupira ya motokari?"

Nikamwambia aache upuuzi.

"Haki ya Mungu, inanuka garaji! Inanuka ndani ya lori ya papa!"

"Hakuna harufu yoyote," nikasema. "Uko na uongo tu."

Sikujua kwamba Koko alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, amejifunika pua na ncha ya kitenge. Mwanamke ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akitembea kutoka kitandani hadi kwenye kiti tu, alikuja mbio. Alikinyanyua kidari kwa mikono mitupu na kukitupa kwenye beseni.

"Nani iko anachoma motokari hapa kwangu? Hizi mbao zimepakwa mafuta machafu ya garaji, hauoni? Fundi anazipaka juu ya mvua, isizikule! Unataka kutuua?"

Halafu akanitazama, nami nikatazama mawe. Yeye alikuwa analia kwa moshi ule, Salumu anakohoa, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya moshi huo na uso wa mtu anayesubiri basi.

"Salumu," Koko akasema polepole, "nenda kwa Mama Furaha, ule alikata muti yake ya avoka. Umuombe matawi yenye yamekauka. Kimbia."

Salumu akakimbia.

"Wewe, kuya hapa. Fumba macho."

Nikafumba. Nikamsikia anakwenda, anarudi. Kitu kikasogezwa karibu na pua yangu.

"Hii ni nini?"

Nimefanya hivi kwa maziwa mara mamia. Nikavuta hewa taratibu, nikafikiri vitu ambavyo mtu mzee anaweza kuwa navyo karibu na mlango wa jikoni, nikasema kwa sauti ya kujiamini kabisa, "Tangawizi."

"Fungua macho."

Alikuwa ameshika kiatu cha Salumu. Kile cha mpira wa miguu.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye. Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi, kiatu bado mkononi, nami nilicheka pia, halafu kicheko changu kikageuka na nikawa nalia, kilio kibaya cha kukosa pumzi. Koko akaweka kiatu chini. Akangoja nimalize.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Haunusi hata kidogo?"

"Hata kidogo, Koko."

"Mama yako anajua?"

Nikatikisa kichwa. Nikamweleza habari za siku saba. Niliposema hayo kwa mdomo, kwa mara ya kwanza, yalionekana madogo kuliko yalivyokuwa kichwani mwangu, lakini sikuweza kuyafanya madogo zaidi.

Koko hakunipa mawaidha. Alifikiri, akipangusa macho yake mekundu. Kisha akasema, "Sikia. Nyama itapona. Utaikausha wewe, mimi nitakaa tu. Jioni, kama nimekula vipande tatu, utamwambia mama yako. Kama sikula, tunanyamaza wote wawili, mimi na wewe."

"Na kama utakula ukiwa hutaki, ili tu niseme?"

"Mimi nimewahi kula kitu nisichotaka?"

Hapana. Hajawahi.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa jana yangu. Nilitaka Koko ale kuliko kitu chochote duniani. Na kila kipande ambacho angekula kingenisogeza karibu na jambo nililolikimbia tangu nipone.

Tulianza upya. Moshi ule ulikuwa umekigusa kidari kwa dakika chache tu, lakini Koko hakutaka mchezo. Tulikata ngozi nyembamba pande zote na kuifukia, mbwa asije akaila, tukakiosha kwa maji ya moto na kukipaka chumvi tena. Mbao nilizitoa, majivu nikamwaga, pipa nikalichoma tupu kwa makala hadi likawa jekundu chini, wavu nikausugua kwa mchanga. Salumu akarudi na matawi ya ule mparachichi begani na maswali mengi. Koko akamwambia dada yake ana mafua. Alimwamini, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamevimba.

Ilikuwa inakaribia saa tatu asubuhi kidari kiliporudi juu ya wavu.

Nilimuuliza Koko nitajuaje. Kurasa zote nilizosoma zinasema utanusa: moshi mzuri unanukia hivi, mbaya unanukia vile. Koko akacheka kwa pua. Alisema shangazi yake, aliyekausha nyama ya mtaa mzima kule kwao, alikuwa anatumia tumbaku ya kunusa tangu ujana na pua yake ilikuwa imekufa kama jiwe. Alifanya kazi kwa sikio na mkono. Akanituma nikatoe mawe matatu ya jikoni, yale yaliyozoea moto, si ya uani yaliyolowa, maana hayo hupasuka. Tukayaweka chini ya nyama. Mafuta yakianza kuyeyuka yanadondokea hapo, na jiwe linasema tsss. Ukihesabu hadi kumi kati ya tone na tone, moto uko sawa. Ukifika nne tu, moto ni mkubwa, sogeza makala. Ukifika ishirini, nyama inalala, amsha moto. Na mkono: uweke juu ya wavu, uhesabu. Ukiutoa kabla ya saba, ni moto wa kuchoma, si wa kukausha.

Jicho niliongeza mimi. Niligundua kwamba ukuta wetu, uliojengwa kwa mawe ya volkeno, ni mweusi kiasi kwamba moshi wowote unaonekana mbele yake kama chaki ubaoni. Basi kila nusu saa nilipiga picha ya moshi ule ule, mahali pale pale, kwa simu ya zamani ya Papa, ambayo kioo chake kina ufa kwenye kona. Kisha nilizilinganisha. Moshi wa matawi mabichi kidogo ni mweupe na mzito, unatambaa. Moshi mzuri ni mwembamba, unaelekea kwenye buluu, unapanda bila kelele. Nilikuwa nao kwenye picha ya tano, nikaupoteza kwenye ya sita nilipoweka tawi nene, nikaurudisha kwenye ya nane. Nikaangalia tena ile ya asubuhi, ya mbao. Manjano kama macho ya mgonjwa. Nilikuwa nimeisifu. Nilikuwa nimeiona na kuisifu.

Saa zilikwenda. Sikusoma kitabu. Nilihesabu matone. Koko alikaa kwenye kiti chake upande usio na moshi, na kila nikipoteza hesabu alikuwa anajua, sijui vipi, anasema "kumi na mbili" bila kufungua macho. Kati ya matone aliniambia harufu. Sikumwomba. Alisema tu, kana kwamba anasoma barua kwa mtu asiyejua kusoma.

"Sasa inanuka kama nguo ya mutu ametoka shamba."

Baadaye: "Sasa chumvi imeingia. Inanuka kama mutu anakaanga karanga nyumba ya pili."

Na mchana, mawingu yalipokuja na matone machache ya mvua yakapiga bati tulilofunikia pipa, alisema, "Sasa hii ni paa ya nyumba ya mama yangu."

Niliandika hayo matatu kwenye daftari, na saa zake.

Mama alirudi saa tisa na nusu, akauliza kwa nini Koko amekaa nje na kwa nini ana masizi kwenye paji la uso. Mimi niliendelea kuhesabu matone. Saa kumi na moja Koko alichoma kidari kwa kijiti cha mshikaki, kikaingia bila kusukumwa. "Toa," akasema.

Sasa picha, maana niliahidi hapa kwenye blogu kwamba nitaziweka, na wasomaji wangu kumi na wawili wanastahili. Nilipiga arobaini na tatu. Thelathini hazifai. Nilikiweka kidari juu ya ukuta kwa sababu nilifikiri mawe yatapendeza, na kikatoweka: ganda jeusi juu ya jiwe jeusi, huoni nyama iko wapi. Nikakiweka kwenye sahani nyeupe, sahani ikang'aa na nyama ikawa shimo. Mwishowe Salumu akaleta jani la mgomba, akalipangusa kwa shati lake la Idi (Mama hajui, na yeye asisome hapa), na ghafla kila kitu kilionekana. Ganda lina nyufa ndogo kama barabara ya lava. Nilipokata, mstari mwekundu ulikuwepo, mwembamba, kama ule wa kwenye picha za watu wa mbali. Picha ninayoipenda zaidi haiko wazi hata kidogo: kidole gumba cha Koko kimeingia upande wa kushoto, kwa sababu hakuweza kungoja nimalize kupiga.

Tukamtumia Muzee Shabani picha mbili. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, na Mama akaiweka juu tusikie wote: "Dada, hii nyama iko mbele ya ile yangu, nakubali. Lakini munanionyesha macho tu! Mutume na harufu!"

Mama na Salumu walicheka sana. Koko alinitazama. Mimi pia nilicheka, na sikuhitaji kujilazimisha.

Kisha tukala.

Mimi mwenyewe nilisikia chumvi, pilipili, mafuta yanayoyeyuka, ganda linalovunjika kisha ulaini. Moshi sikuupata. Nilijua sitaupata. Nilimwangalia Koko.

Kipande cha kwanza alikishika vidoleni, hakutumia ugali. Alikitafuna kwa muda mrefu akitazama mlango. Mama alijifanya anamhudumia Salumu, lakini mwiko wake ulikuwa umesimama hewani. Koko akameza. Akachukua cha pili bila kuambiwa. Mama akaweka mwiko chini polepole, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

Baada ya cha pili Koko alipangusa vidole na kuegemea kiti. Nikafikiri: amemaliza. Nikasikia ahueni, nakiri. Halafu nikaona mikono yake ilivyokonda, na nikaionea aibu ahueni ile. Mimi mwenyewe nikavuta sahani na kuisogeza mbele yake. Nilichagua kipande cha kona, chenye ganda pande mbili.

"Koko, ongeza kidogo."

Alikichukua. Alikila chote, na mafuta yake. Mama akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ya chini, mara mbili, akageukia ukutani akajifanya anatafuta chumvi.

Koko alilamba kidole gumba, kile kile cha kwenye picha.

Mama alikusanya vyombo akaenda nyuma kuviosha. Nikamfuata. Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha sahani. Ya kwanza nilikausha. Ya pili nilikausha hata chini yake. Ya tatu ilikuwa mkononi niliposema, "Mama, tangu ile homa mimi sinusi kitu."

Alidhani nasema mafua. Ikabidi niseme tena, yote, na kijiko cha maziwa, na maharagwe, na mbao za asubuhi. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji ya sabuni. Alipouliza kwa nini sikusema, nikamtajia siku saba.

Mama aliitoa mikono majini. Hakuipangusa. Akanishika uso kwa mikono hiyo hiyo, povu likaingia sikioni mwangu.

"Nilifunga juu ya vile ulibaki hai. Watoto wengine wa ile homa hawakubaki. Sikufunga juu ya pua. Wewe mutoto! Na mimi nilikunyima vitabu wiki nzima!"

Alilia kidogo. Kisha akasema wiki hii atanipeleka kwa daktari, labda kuna dawa, labda hakuna, tutajua. Kisha akaniuliza kama ni kweli kuhusu kiatu cha Salumu, maana Koko alikuwa amesimama mlangoni akiisimulia hewa kisa hicho.

Leo asubuhi muuza maziwa alipita kama kawaida. Mama alipokea chupa, akanitazama, nami kwa mazoea nikanyoosha mkono. Hakunipa. Aliifungua, akainusa mwenyewe, akafikiri, akainusa tena. Kisha akayachemsha, akamimina kikombe, akakiweka mbele yangu.

Nikanywa.